Mipini ya Plaisi ya Mjomba

Jumatatu

Kengele ya kuamshia wanafunzi haikulia kwa wakati. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe mbele ya ofisi. Usiku waya ulikatika, ringi ikaangukia mizizi. Mzee mlinzi alinijia mlangoni saa kumi na moja kasorobo alfajiri, amejifunika koti la mvua, tochi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kengele imelala chini."

Nikatoka na plaisi yangu ya kukunja. Niieleze, maana majuma haya mawili nitaitaja sana. Ni plaisi ambayo mipini yake miwili ni mitupu ndani, na humo mmekunjwa kisu, bisibisi mbili, tupa, kifungulia makopo na msumeno mdogo. Ukiifunga inaenea mfukoni. Ninayo kwa sababu shule yetu ya bweni hapa Pangani ina majengo kumi na moja na fundi mmoja, na kutoka bwenini hadi stoo ni mwendo wa dakika saba. Hii niliinunua mwezi uliopita Tanga kwa shilingi 15,000. Mipini yake ni ya aluminiamu, imepakwa rangi nyeusi na kutobolewa matundu ya urembo.

Waya wa kengele ni ule mnene wa fensi. Niliupitisha kwenye ringi, nikauzungusha juu ya tawi, nikaanza kuusokota. Mzunguko wa kwanza ulikubali, na wa pili vilevile. Kwenye wa tatu mpini wa kushoto ulilegea kiganjani, kama mtu anayeuachia mkono wako kabla salamu hazijaisha. Haukutoa sauti yoyote. Nilipoumulika nikaona umepinda ubavuni, na nilipobana, midomo ya plaisi haikukutana tena. Mmoja ulipita kando ya mwenzake.

Plaisi kubwa iko stoo. Ufunguo wa stoo anao mtunza stoo, na mtunza stoo analala ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Bweni, na kivuko cha kwanza kilikuwa bado. Nilimalizia kusokota kwa kipande cha nondo. Kengele ililia saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Kidato cha nne walipoteza karibu saa nzima ya kujisomea, na mtihani wao ni mwaka huu.

Jumanne

Nimeuchunguza mpini uliopinda juani, juu ya meza ya karakana. Umepindia kwenye tundu la kwanza la urembo, lile lililo karibu na pini inayounganisha mpini na midomo.

Ni mahali palepale ambapo kila mpini hushindwa. Jembe huvunjika shingoni, karibu na chuma, hata kama mkulima ameshika mwisho kabisa. Kasia huvunjika kwenye kishwara. Nguvu inaingia kule mkono ulipo, lakini uzito wake unaongezeka kadiri unavyokaribia mahali penye egemeo, na pale egemeoni ndipo unapofika kilele. Kwa hiyo mpini unatakiwa uwe mnene zaidi hapo. Huyu aliyeubuni ametoboa tundu hapohapo ili uwe mwepesi, na ninasikitika kusema kwamba matundu yaliyoko mwishoni, ambako hakuna uzito wa maana, ni madogo kuliko lile la shingoni.

Jambo la pili ni madini yenyewe. Kwa umbo lilelile na unene uleule, aluminiamu hunyumbulika karibu mara tatu zaidi ya chuma chini ya mzigo mmoja. Ukitaka iwe imara sawa na chuma lazima uinenepeshe. Hapa haikunenepeshwa, ilitobolewa.

Nimeweka ile ya 15,000 kwenye droo. Nimetoa ya mjomba.

Marehemu mjomba alikuwa baharia. Plaisi yake ni ya zamani, chuma cha pua kitupu, mipini ya bati la chuma lililokunjwa likawa mfereji wenye kuta mbili na sakafu moja. Haina rangi wala plastiki. Pini zake ni ribiti, hazina skrubu. Nimekata vipande vya karatasi ya daftari nikajaribu kuvipenyeza kati ya mpini na shingo ya mdomo, pale kwenye pini. Kipande kimoja kinaingia kwa taabu, cha pili kinagoma. Nimepima karatasi kumi za daftari hilo kwa rula, zimekaribia milimita moja. Basi ulegevu wa pini ya mjomba ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: karatasi 1.

Jumatano

Sikio la sufuria kubwa ya ugali liling'oka upande mmoja wakati wapishi wawili wanaitua. Hakuna aliyeungua, ugali ulikuwa bado haujasongwa, yalikuwa maji ya uvuguvugu tu. Yalizima kuni zote za jiko la kwanza.

Bibi mkuu wa jiko aliniita. Nati mbili zilikuwa zimelegea na moja imekwama kwa masizi. Niliishika kwa plaisi ya mjomba huku nikizungusha bolti kwa bisibisi. Mipini haikutikisika hata kidogo. Kilichoshindwa ni kiganja changu. Ukifungua plaisi ya namna hii, mdomo wa ule mfereji unageukia nje, kwa hiyo unachokibana si sakafu yake bali kingo mbili nyembamba za bati. Baada ya dakika tano nililazimika kuachia, si kwa kuchoka, kwa maumivu. Nati ikarudi ilikokuwa.

"Fundi, funga kitambaa," alisema bibi, akanipa kipande cha kanga.

Nilifunga, nati ikatoka. Chakula cha mchana kilichelewa dakika arobaini.

Jioni nimepiga hesabu. Kila ukingo ni milimita moja na nusu, na kiganja kinagusa urefu wa milimita 80 hivi. Kingo mbili zinanipa milimita za mraba 240. Mpini wa plaisi ya kawaida, wenye upana wa milimita 20, kwa urefu huohuo ungenipa 1,600. Mkono wangu ulikuwa ukibeba mkandamizo karibu mara saba ya ule uliozoea. Ndiyo maana ngozi imeweka mistari miwili myekundu ambayo ipo hadi sasa, saa tatu ya usiku.

Watu wakiuliza kama mpini ni imara huwa wanauliza kama utavunjika. Mimi nadhani swali hilo ni nusu tu. Mpini usiovunjika lakini unaoulazimisha mkono kuachia kazi katikati umeshindwa vilevile, na sufuria inabaki bila sikio. Kuna matoleo yaliyokuja baadaye ambayo kingo zake zimekunjwa zikawa mviringo. Aliyefikiria kufanya hivyo ameokoa viganja vya watu wengi asiowajua.

Karatasi: 1.

Alhamisi

Mvua ya masika kuanzia alfajiri hadi saa sita. Gata la bweni la wasichana liliachia kwenye kona, maji yote ya upande wa kusini yakamwagika mlangoni badala ya kuingia tangini. Wasichana walivuka kwa kuweka matofali.

Mvua ilipopungua nilipanda na gata jipya na bomba jipya la kushushia maji. Vyote viwili ni bati moja, unene mmoja, vimetengenezwa na fundi bati mmoja. Nilipolishika gata mwisho huu na kijana anayenisaidia akalishika mwisho ule, lilijisokota mikononi mwetu kama mkeka. Yeye akizungusha kidogo, mimi huku halina habari. Bomba, ambalo ni bati lilelile lililofungwa likawa mviringo, akilizungusha kule linanizungusha na mimi huku.

Nilikaa juu ya ngazi nikalitazama gata kwa muda. Kijana aliuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia hapana, nimeelewa plaisi.

Mipini ya mjomba ni magata mawili. Ukiibana, zile kuta mbili zinabeba mzigo zikiwa zimesimama kwa ubavu. Ubao uliolazwa hupinda ukikanyagwa, lakini ubao uleule ukisimamishwa kwa ubavu hubeba paa. Ndiyo maana jana nilibana kwa nguvu zangu zote na mpini haukujibu. Lakini ukiusokota, mfereji ulio wazi upande mmoja hauna cha kuuzuia. Mdomo wake unajifungua, kuta zinateleza moja mbele na nyingine nyuma, na mzigo wote unahamia kwenye pini. Jumatatu sikuwa nikibana waya. Nilikuwa nikiusokota, na mkono wangu ukausokota mpini pamoja nao.

Hivyo nimejiwekea utaratibu wa kusokota waya. Plaisi ibane tu, mipini ikutane, halafu mkono wote uzunguke pamoja na kiwiko, plaisi ikiwa imesimama wima juu ya waya na si kuegemea pembeni. Na bisibisi ikitumika, mipini yote miwili ifungwe kwanza, kwa sababu mifereji miwili iliyokutana mdomo kwa mdomo inakaribia kuwa bomba. Nilijaribu papo hapo kwenye skrubu za kishikio cha gata. Mpini mmoja ukiwa wazi, unayumba. Yote miwili ikiwa imefungwa, imetulia.

Gata halivuji. Kona nyingine, ile ya magharibi, imeanza kutoa tone.

Ijumaa

Mfuko wa kanzu umepasuka njiani kwenda msikitini. Plaisi ilinidondokea kwenye mguu wa mzee aliyekuwa mbele yangu. Nilimwomba radhi, akasema hakuna neno, lakini alichechemea hadi msikitini na aliporudi alikuwa bado anachechemea.

Muuza duka ameipima kwenye mizani yake ya sukari. Ni robo kilo kasoro kidogo. Mpini mnene ni mzito, na uzito huo huning'inia kwenye kitu. Mke wangu ameshona mfuko wa turubai wa kuvaa kwenye mkanda.

Jumamosi

Ufunguo ulikatikia ndani ya kufuli la bweni la wavulana, mimi nikiwa sokoni. Plaisi niliiacha kwa kiranja, kwa sababu alikuwa akinisaidia kukaza vitanda. Kiranja ni kijana mwema na mwenye haraka ya kusaidia. Alipoona wenzake wamekosa kuingia kubadilisha nguo za michezo, alifungua bisibisi kubwa ya plaisi, akaipenyeza nyuma ya komeo, akavuta mpini kama mtaimbo.

Komeo lilitoka. Mlango ulipasuka ubao mmoja. Plaisi ilirudi kwangu na bisibisi iliyopinda nywele moja na mpini unaocheza.

Nimepima. Karatasi mbili zinaingia, ya tatu inagoma.

Sikumkaripia. Nilimkalisha karakana nikampa kipande cha gata la zamani alisokote kwa mikono yake, kisha kipande cha bomba. Alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa Alhamisi. Nikamwonyesha pia kwamba bisibisi imekaa mwishoni mwa mpini, na anapovuta mbali na komeo, mkono wake umekwenda upande wa pili wa pini, kwa hiyo pini imebanwa katikati ya nguvu mbili zinazokinzana. Pini ni ndogo kuliko penseli, na ndiyo iliyokuwa ikibeba mlango mzima.

"Sasa ningefanyaje, fundi?"

"Ungenisubiri."

"Mechi ilikuwa inaanza."

Sikuwa na jibu. Mtaimbo uko stoo, na ufunguo wa stoo Jumamosi uko Bweni.

Jumapili

Nimeilaza plaisi kwenye maji ya moto na sabuni, nikasugua mifereji kwa mswaki mkuukuu. Kilichotoka: masizi, unga, nyuzi za turubai, na mchanga mwingi. Mchanga ndio ulionitia wasiwasi. Ukikaa kwenye pini unafanya kazi ya msasa kila unapofungua na kufunga. Nimekausha, nimetia tone la mafuta ya cherehani kila pini.

Nilipokuwa nikisugua nilimkumbuka Tim Leatherman, Mmarekani wa Portland, Oregon, ambaye huwa namfikiria mabomba yanapovuja. Mwaka 1975 yeye na mkewe walizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati kwa Fiat kuukuu iliyokuwa ikiwaharibikia njiani, na wakifika hotelini Tehran wanakuta mabomba nayo yanavuja. Mfukoni alikuwa na kisu cha skauti. Kisu kilifanya mengi, lakini hakikuweza kushika nati. Akarudi kwao akiwa na wazo la kisu chenye plaisi, na plaisi yake ya kwanza haikuingia sokoni mpaka 1983. Miaka minane. Wapo wanaoona ni mingi kwa kitu cha kutia mfukoni. Mimi nikikaa na hizi pini naona alikuwa na kazi. Kupata plaisi imara si shida, kupata mpini mtupu unaokunjika si shida. Shida ni kuvitaka viwe kitu kimoja.

Mpini umewasumbua watu tangu zamani. Kisu cha askari wa Uswisi cha muundo wa 1890 kilikuwa na mpini wa mti wa mwaloni uliotiwa mafuta hadi ukawa mweusi. Muundo wa 1908 ukaja na mpini wa faiba. Muundo wa 1961 ukawa wa aluminiamu yenye vinundu vya kuzuia kuteleza. Kwa hiyo siwezi kuilaumu aluminiamu kwa jumla, ingawa Jumanne nilikaribia. Pale inafunika springi za chuma, na kisu kile hakina plaisi. Hakuna anayekibana kwa nguvu za mwili mzima. Ile ya kwenye droo ilipewa kazi ya chuma.

Karatasi: 2.

Jumatatu

Taa ya darasa la kidato cha pili. Kishikilia balbu kimeungua, waya umebaki unaning'inia. Mwalimu wa zamu alitaka niukate upesi kwa plaisi niliyonayo ili kipindi kiendelee. Nikakataa. Mipini ni chuma kitupu kutoka midomo hadi mwisho, na umeme wetu ni volti 230. Hata plaisi yenye mpira kwenye mipini si salama kwa sababu tu ina mpira. Inayofaa umeme huandikwa volti 1,000 juu yake baada ya kupimwa. Nikaenda kuzima swichi kuu, ambayo imo ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa kikao. Darasa lilisoma gizani, kwa mvua iliyokuwa ikinyesha, hadi saa nne na nusu.

Mwalimu hakufurahi. Ningefanya vilevile kesho.

Jumanne

Nilivuka kwenda Bweni kuomba ufunguo wa pili wa stoo. Kwenye ngazi za kivuko mnyororo wa baiskeli ya mama muuza samaki ulichomoka na kujikaza kati ya gia na fremu. Nilitoa plaisi. Mipini ilikuwa imelowa mvua, mikono yangu ikashika mnyororo wenye grisi, na mama alinisaidia kwa mikono yenye mafuta ya samaki. Chuma laini kisicho na vinundu, maji, grisi na mafuta ya samaki: plaisi ilinitoka, ikagonga ngazi, ikaingia majini.

Maji yalikuwa ya magotini tu. Mwana wa yule mama aliizamia mara mbili akaipata. Maji ya pale ni ya bahari yanayopanda mtoni. Niliifuta kwa shati. Kivuko kiliondoka nikiwa bado nafuta. Ufunguo sikuupata, mtunza stoo alikuwa amekwenda Tanga.

Jumatano

Kutu kwenye pini zote mbili, na madoa kama punje za ulezi ndani ya mifereji. Mke wangu aliuliza vipi chuma cha pua kishike kutu, wakati vijiko vyake vina miaka kumi na vimeshinda kwenye chumvi na ndimu.

Ni swali la haki. Chuma huitwa cha pua kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ndiyo inayokitandia utando mwembamba wa kukilinda. Vijiko vingi vizuri vina kromiamu 18 kwa mia na nikeli 8, havishiki kutu upesi, lakini pia ni laini: unaweza kukikunja kijiko kwa vidole. Chuma cha visu na plaisi huwa na kromiamu 13 hivi na kaboni zaidi, ili kiweze kukazwa kwa moto na kupoozwa. Sehemu ya kromiamu inashikana na kaboni, haibaki yote kulinda. Chumvi ya bahari inapata mianya. Kwa hiyo ugumu wa mipini ya mjomba na kutu yake vimetoka mahali pamoja. Mjomba aliosha plaisi yake kwa maji baridi kila jioni alipotoka kwenye staha. Nilikuwa nikimwona nikiwa mtoto, nikadhani ni udhu wa namna fulani.

Nimesugua kwa majivu na mafuta. Madoa mawili hayatoki.

Karatasi: 2, na ya tatu inaingia nusu.

Alhamisi

Pampu ya kisima imegoma. Hii ndiyo siku iliyonichosha kuliko zote.

Ni pampu ya mkono aina ya Afridev, na mpini wake mrefu wa chuma ulikuwa unapanda na kushuka bila kuleta maji, ukipiga kelele egemeoni. Foleni ya ndoo ilifika kwenye uzio. Kina mama wa mtaa wa jirani huchota hapa pia. Kila mtu alinitazama mfukoni.

Niliitoa plaisi, nikaishika nati ya egemeo, nikasimama. Nati ya bolti hiyo ni ya milimita 19. Midomo ingeishika kwa ncha, mipini ikiwa imeachana kiasi kwamba kiganja hakifiki, na ili izunguke ningelazimika kusokota kwa pembeni. Nilijua mzigo ungekwenda wapi. Nilikwisha kuupima kwa karatasi.

"Fundi, mbona huanzi?" aliuliza mama mmoja.

"Hii si kazi yake, mama. Nisubirini."

Nilikwenda kwa miguu hadi kwa fundi pikipiki, nikaazima spana ya 19, nikarudi baada ya dakika hamsini. Ndoo zilikuwa zimeongezeka. Wawili walikuwa wameondoka kwenda mtoni, nami nilijisikia vibaya kwa ajili yao.

Spana moja ilifungua kila kitu, kwa kuwa pampu hii ilibuniwa hivyo, ihudumiwe na watu wa kijijini kwa spana moja. Na ndani ya egemeo nilikuta kilichokuwa kinapiga kelele: bushi za plastiki zilizolika upande mmoja. Nilizitoa, nikaweka mpya kutoka kwenye kifurushi cha vipuri cha kamati ya maji, nikafunga. Kazi ya robo saa. Mpini uliokuwa ukiyumba ukawa kama mpya.

Nimezileta bushi zile kuukuu nyumbani, ziko mbele yangu ninapoandika. Mpini ule unapandishwa na kushushwa na shule nzima na nusu ya mtaa, kutwa, na watoto huuning'inilia. Waliobuni hawakujaribu kuuzuia usilike. Walikubali kwamba egemeo litalika, wakachagua kitu gani kilike, wakakifanya laini, rahisi na chenye kubadilishwa, ili chuma kisiguse chuma. Mipini ya plaisi haina bushi. Chuma kinasugua chuma, na kinacholika ni tundu la mpini wenyewe, na tundu likishakuwa yai halirudi kuwa duara. Nimeona matoleo yenye skrubu mahali pa ribiti, ambayo angalau yanakazika. Nikipata fedha nitanunua ya namna hiyo, na nitaangalia pini kabla ya kuangalia kisu.

Ijumaa

Msumari wa kiti cha mwalimu mkuu. Sketi yake imechanika. Niliung'oa kwa plaisi kwa kubana na kuvuta moja kwa moja, bila kutikisa. Dakika moja. Mwalimu mkuu ameagiza viti vyote vya ofisi vikaguliwe. Viko ishirini na sita.

Jumamosi

Ufunguo wa pili wa stoo umepatikana. Mtunza stoo aliuleta mwenyewe, amenifungia na uzi.

Asubuhi niliilaza plaisi ya mjomba juu ya kipande cha reli, kichwa cha ribiti chini, nikagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi kuzunguka, kama mtu anayepasua karanga bila kutaka kuvunja punje. Ukipiga sana mpini unakwama kabisa. Nilikwama kwenye ribiti ya kulia. Mpini haukufunguka kwa nguvu za kawaida, nikaulegeza kwa mafuta na kuufungua na kuufunga mara mia moja na kumi, nikihesabu. Ya kushoto ilikubali mapema.

Nikakata karatasi mpya. Kulia: 1. Kushoto: karatasi moja inaingia vizuri, ya pili inaingia ukiisukuma kwa ukucha. Tundu la kushoto limeshakuwa yai, na nyundo hairudishi chuma kilichokwisha kulika.

Saa kumi jioni kiranja alikuja mbio. Komeo la lango la shamba la mihogo limebanwa na mlango uliovimba kwa mvua, na mbuzi wa jirani wamo ndani.

"Shikamoo fundi. Naomba mtaimbo."

Nilikuwa nimeshaipapasa plaisi kiunoni. Nikampa ufunguo wa stoo. Alipofika shambani mbuzi walikuwa wamekwisha kula mistari miwili.